Lori Lisilosikika

Galoni mbili kwa safari nzima. Huo ndio mgao wa petroli waliowekewa madereva wa Embu mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na Rashid, dereva wa lori la mbuzi, alipata ujanja wake. Wenzake walikwama njiani. Waliokutwa wamesimama kando ya msitu baada ya saa kumi na mbili jioni walichukuliwa na askari, na wawili hawakurudi. Rashid hakukwama hata siku moja. Kila mteremko aliweka gia frii, akazima injini, lori likashuka kwa uzito wake.

Jioni moja ukungu ulitanda mapema Kibugu. Saa kumi na moja na nusu akazima injini kama kawaida. Zikabaki sauti za mbuzi na za kokoto chini ya magurudumu.

“Washa, Rashid,” akasema Njue, utingo wake. “Homugadi, hao askari wanaolinda daraja huko mbele, walishambuliwa juzi. Wanataka wasikie gari likija.”

“Petroli ikiisha utaikojoa wewe?”

“Nitaikojoa. Washa.”

“Si nipige honi tu?”

“Honi wameikataza. Wanadai ni ishara kwa watu wa msituni. Muturi aliniambia mwenyewe, na ndiye mlinzi pale.”

“Muturi jirani yako? Yule anaogopa hata mkewe.”

“Ndiyo maana nakwambia. Mwoga amepewa bunduki.”

Rashid akachungulia kiooni. Ukungu ulikuwa umemeza barabara. Nyuma, mbuzi wakanyamaza wote kwa pamoja.

“Haya, nawasha,” akasema.

Kwa haraka akatia gia kabla ya kufungua swichi. Magurudumu yakaizungusha injini, injini ikanyonya petroli isiyowaka na kuisukuma kwenye ekzosi, bomba la moshi. Njue alilijua kosa hilo. Akaurukia mkono wa Rashid, akachelewa. Swichi ikafunguka.

Ekzosi ikalipuka kama bunduki.

Darajani wakajibu kwa risasi, wakajibu tena na tena, hadi lori lilipoingia mtaroni.

Muturi alifika wa kwanza, bunduki mkononi. Akamwona Rashid ameinamia usukani, shati limelowa damu.

“Mbona mlitupiga risasi?” Muturi akauliza.

“Ni ekzosi, Muturi. Ni mimi, Njue. Tumebeba mbuzi.”

Nyuma ya Muturi, afisa wa kituo cha darajani alikuwa ameshaanza kuandika: magaidi wawili, mmoja amekufa. Hakuinua macho.

“Mwambie,” Njue akasema. “Muturi, wewe wanijua. Mwambie.”

Muturi alimtazama afisa, akaitazama bunduki yake mwenyewe.

“Panda Landrova ya polisi,” akamwambia Njue.