Kigae cha Ukumbi wa Subira

Matambo ni nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, na wenyeji wake hawakupata kulihuzunikia jambo hilo, kwa sababu waliamini kuwa hasara ilikuwa ya ramani. Mji wake mkuu uliitwa Majisifu. Katikati ya mji ulikuwapo uwanja wa masumbwi ulioitwa Ithibati, na ubavuni mwa uwanja lilisimama jumba refu la mawe lililoitwa Ukumbi wa Subira. Nchi nyingine hujivunia wanazuoni wao au bustani zao; Matambo ilijivunia mtu mmoja aliyevaa mkanda wa dhahabu kiunoni. Mtu huyo alipewa taadhima kuliko mawaziri, na kauli yake katika mambo asiyoyajua ilisikilizwa kuliko kauli ya wanaoyajua.

Desturi ya kuuwania mkanda ilikuwa ya pekee. Bondia aliyetaka kupigana na bingwa hakumwandikia barua, wala hakumtukana sokoni. Alipeleka glovu zake katika Ukumbi wa Subira akazitundika ukutani, ambako palikuwa na vyango vitatu tu. Aliyeingia karibuni alianzia chango cha tatu, na kila mwaka glovu zilisogezwa hatua moja kuelekea mlangoni. Siku ya Uteuzi bingwa aliingia mbele ya umati, akatwaa glovu zilizofika chango cha kwanza, na mwenye glovu hizo ndiye aliyepanda naye ulingoni. Waasisi walitaka iwe hivyo ili bingwa asichague. Lakini waasisi hao waliacha tundu dogo katika sheria yao: mtunzaji wa ukumbi aliruhusiwa kuzipeleka chango cha tatu glovu zozote zilizolowa, zikauke, na zilizofuata zishike nafasi yake. Waliogopa ukungu, maskini, wakasahau kuwaogopa watu.

Mtunzaji aliitwa Ridhaa bin Kimya. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufungua madirisha, na kuzipaka glovu shahamu ya kondoo ili ngozi isipasuke. Vidole vyake vilinuka shahamu hata siku za sikukuu. Alikuwa mtu mpole asiyegombana na yeyote, na watu walimsifia upole huo kwa muda mrefu sana, mpaka naye akaamini kuwa kutogombana na mtu ni sawasawa na kutenda haki.

Dada yake, Bi Huruma, alifariki akamwachia mtoto wa kiume. Neno lake la mwisho kwa kaka yake lilikuwa hili: "Usimwache akaumia." Ridhaa akamlea mtoto huyo kama wa kumzaa. Mtoto aliitwa Shupavu, na alikua akiwa na mkono wa kulia ambao mabondia wenzake waliusimulia kwa sauti ya chini. Alipotimiza miaka ishirini na mitano alizitundika glovu zake katika chango cha tatu, mjomba wake akazipaka shahamu kwa furaha, akampa mkono wa heri.

Bingwa wa zama zile alikuwa Chaguo bin Jaha. Alikuwa bondia wa kweli, hilo tusimnyime. Alikuwa na miguu myepesi na jicho kali, na mkanda aliupata kwa jasho. Lakini baada ya kuupata alizungukwa na watu wa kumwambia kwamba kilichopatikana kwa ngumi hutunzwa kwa busara, na mkuu wa watu hao alikuwa wakili wake, Bwana Tadbiri. Huyu Tadbiri hakuwahi kupigwa ngumi tangu azaliwe, na labda hiyo ndiyo iliyokuwa bahati mbaya ya nchi.

Mwaka ambao glovu za Shupavu zilifika chango cha kwanza, Tadbiri alimjia Ridhaa ukumbini adhuhuri moja, akaketi karibu naye kama jamaa wa siku nyingi.

"Mzee Ridhaa," alisema, "mpwa wako bado kijana. Umeona mbavu za waliopigana na Chaguo. Mimi nina watoto, najua uchungu wa mlezi. Mwaka mmoja miwili zaidi ya mazoezi itamdhuru nini?"

"Zamu yake imefika, bwana," Ridhaa alisema. "Sheria ndiyo iliyomfikisha."

"Sheria yenyewe inakupa nafasi ya kumwonea huruma. Paa likivuja, si kosa la mtu."

Ridhaa aliwaza maneno ya marehemu dada yake. Aliwaza pia, na haya aliyakiri baadaye kwa machozi, kwamba mtunzaji aliyekuwapo kabla yake aliwahi kumkasirisha bingwa, na sasa alikuwa akiuza mkaa kando ya barabara. Jioni ile alipanda ngazi, akatoa kigae kimoja juu ya chango cha kwanza. Masika ilifanya yaliyobaki. Kulipokucha glovu za Shupavu zilikuwa chepechepe, Ridhaa akazihamisha chango cha tatu kwa mujibu wa sheria, na Siku ya Uteuzi bingwa alitwaa glovu za bondia mmoja aliyekuwa ametoka kuugua homa, akamwangusha katika raundi ya pili. Mji ukashangilia siku tatu. Baada ya shangwe Ridhaa alikirudisha kigae mahali pake.

Mbele ya mlango wa ukumbi walikuwa wakikaa mashabiki wawili ambao ubishi wao ulikuwa chakula chao: Sifa, mfua vyuma, na Hoji, muuza chumvi.

"Bingwa wako anamkwepa Shupavu," Hoji alisema.

"Anamkwepaje? Bingwa hachagui. Mvua imeamua. Kaishitaki mvua."

"Mvua gani inayojua glovu za nani ni nzito?"

"Wewe una wivu tu," Sifa alisema. "Mtu ana ushindi kumi na moja uliochongwa katika jiwe la ushindi, na wewe unauliza aliwashinda akina nani. Hesabu ushindi, acha kuhesabu walioshindwa."

"Nawahesabu hao hao. Mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa babu. Huyo babu alipoanguka mimi nilidhani amesinzia."

Watu walicheka, na Ridhaa, aliyekuwa akifagia kizingiti, alicheka nao kwa sauti kubwa kuliko wote. Alicheka kwa hofu.

Miaka miwili mingine ikapita, glovu zikarudi chango cha kwanza, na kigae kikatolewa tena. Safari hii Tadbiri hakuja hata kuomba. Alimtazama Ridhaa kwa mbali sokoni akamwashiria kwa kichwa, na hilo lilitosha. Shupavu alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alipoambiwa kuwa mvua imemrudisha nyuma alisimama mbele ya ukuta akilitazama paa.

"Mjomba, hili paa haliwezi kuzibwa?"

"Nimewaandikia wakubwa, mwanangu. Bado hawajajibu."

"Basi nitasubiri," alisema Shupavu, kisha akazipangusa glovu zake kwa kanzu yake mwenyewe. Ridhaa aliitamani ardhi ipasuke immeze.

Kusubiri si kupumzika. Ili mwili wake usilale, Shupavu alipigana na kila aliyepatikana katika miji midogo, katika viwanja vya vumbi, na katika pambano moja lisilokuwa na maana yoyote bega lake la kulia lilichanika. Tabibu alilifunga, likapona nusu. Kila asubuhi Ridhaa alikuwa akimsaidia kuvaa shati, kwa sababu mkono ule haukuweza tena kupita juu ya bega. Ridhaa aliona sasa kuwa amemwangamiza, akaazimia jambo moja la haki kabla hajachelewa. Alikwenda kwa Tadbiri, kwa kuwa glovu zilizokwisha kutundikwa hazikuondolewa bila idhini ya upande wa bingwa.

"Mwachilieni aondoe glovu zake," alisihi. "Bega limekufa. Hawezi kuinua mkono wa kulia. Mpeni cheti cha heshima apumzike, tuyamalize."

Tadbiri alimsikiliza kwa makini. Alimkaribisha chai. Aliuliza bega lipi, na tangu lini, na tabibu alisema nini. Ridhaa, kwa wepesi wa mtu anayetua mzigo, alimweleza yote. Mwisho wa mazungumzo Tadbiri alimwambia kwa utulivu, "Mwaka huu paa lisivuje."

Siku ya Uteuzi bingwa Chaguo alizitwaa glovu za Shupavu, na Majisifu nzima ililia kwa furaha, kwani pambano walilolibishania miaka sita lilikuwa limewadia. Ridhaa alimfuata mpwa wake nyumbani akamsihi akatae.

"Nikatae nini, mjomba? Nimeomba kitu kimoja tu maishani mwangu."

"Mkono huna."

"Ninao mmoja," Shupavu alisema.

Uwanja wa Ithibati ulijaa hadi kwenye ngazi. Raundi ya kwanza walipimana. Katika raundi ya pili Shupavu alimrushia Chaguo konde la kushoto, bingwa akaanguka chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi uwanja ule ukawa kimya. Chaguo alisimama akiwa hajui aliko. Kila mtu aliona mkono wa kulia wa Shupavu ukianza safari yake ya zamani, ile iliyokuwa ikisimuliwa kwa sauti ya chini. Ukafika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukashuka. Chaguo akapata pumzi. Katika raundi ya sita mwamuzi alilisimamisha pambano, na Shupavu akateremshwa akiwa ameshikwa kwapa.

Sifa alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Hoji hakubishana naye. Alikwenda moja kwa moja kwa Kadhi Insafu akafungua shauri kwamba jina la Shupavu lisichongwe katika jiwe la ushindi, kwa kuwa aliyepigwa si Shupavu bali ni kilichobaki cha Shupavu. Kesi ikaitishwa.

Tadbiri alijitetea kwa ufasaha. Alisema sheria haikuvunjwa hata mara moja, glovu zililowa, zikahamishwa, zikakauka, zikatwaliwa. Alisema bingwa hana mamlaka juu ya mawingu. Barazani watu walitikisa vichwa kumkubali, na Ridhaa, aliyeketi nyuma kabisa, aliona kuwa akinyamaza tu, kama alivyozoea kunyamaza, siku itapita salama.

Kisha Shupavu aliitwa kutoa ushahidi. Katika nchi ile shahidi aliapa kwa kuinua mkono wa kulia juu ya kichwa. Shupavu alijaribu. Uso wake ulibadilika, jasho likamtoka, na mkono ukakomea begani. Alijaribu tena.

"Tumia wa kushoto, mwanangu," Kadhi Insafu alisema taratibu.

Ridhaa alisimama. Miguu yake ndiyo iliyosimama kabla yeye hajakata shauri.

"Mheshimiwa kadhi, mtume fundi juu ya paa la ukumbi. Achukue kigae kilicho juu ya chango cha kwanza, akigeuze chini juu. Ataona alama za vidole vyenye shahamu. Vidole hivyo ni vyangu."

Akasimulia yote: adhuhuri ile ya Tadbiri, ngazi, kigae, mara mbili, hata ile chai. Alisema kuwa alidai moyoni mwake kuwa anamkinga mtoto wa dada yake, na kwamba sehemu ya neno hilo ilikuwa kweli, na sehemu kubwa ilikuwa woga. Hakumtazama Shupavu hata mara moja. Fundi alipokileta kigae mahakamani alama zilikuwapo, zimepauka lakini kamili, vidole vitano.

Kadhi alimgeukia bingwa. "Ulijua?"

"Sikuuliza, mheshimiwa," Chaguo bin Jaha alisema. "Mara mbili nilikuta glovu za mtu dhaifu mahali nilipotarajia kukuta zake, nikafurahi, na sikuuliza. Nilikuwa na miguu yangu wakati ule. Huenda ningempiga. Huenda angenipiga. Watu watabishana mpaka nizikwe, na mimi niliyepaswa kujua, sijui." Akaufungua mkanda akauweka mezani. Sifa aliangalia sakafu.

Kadhi Insafu alihukumu hivi: Tadbiri avuliwe uwakili, tundu la sheria lizibwe, glovu zikilowa zivaliwe ulingoni zikiwa zimelowa, na katika jiwe la ushindi mstari wa kumi na tano uachwe mtupu, bila ya jina la mshindi wala la mshindwa. Ridhaa aliondolewa kazini, na kigae kilitundikwa katika chango cha kwanza. Vijana wa Matambo wa leo hupata zamu yao wakiwa na mikono yao yote miwili, na wengi wao hawajui kigae kile ni cha nini. "Lakini mahakama hii," kadhi alimalizia hukumu yake siku ile, "haina uwezo wa kumrudishia mtu mwaka wake wa ishirini na saba." Hapo ndipo Ridhaa alipolia.

Mjomba na mpwa walirejea nyumbani. Walipofika, Shupavu aliketi kitandani, na Ridhaa akabaki mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

"Mama alikuambia usiniache nikaumia," Shupavu alisema.

"Aliniambia."

"Nimeumia, mjomba."

"Najua, mwanangu."

Shupavu aliutazama mkono wake. "Wewe ulikuwa unaniona nikifanya mazoezi kila siku. Wakati ule, kabla ya bega. Ningemshinda?"

Ridhaa angetoa roho yake ili aseme ndiyo.

"Sijui," alisema. "Na aliyefanya isijulikane ni mimi."

Shupavu hakusema kuwa amemsamehe, wala hakumfukuza. Alianza kuhangaika na vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, akashindwa na cha juu, akaacha. Kisha akageuza bega lake bovu kuelekea mlangoni na kungoja, na Ridhaa akaja kumvua shati.