Siku Jibini Iliposhindwa Mizani

Umurerwa alikuwa akipalilia maharagwe kwenye mteremko wa Karuba alipohisi maji yakimtiririka miguuni. Akatazama juu kwanza, kuona kama ni mvua. Mbingu ilikuwa kavu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Mama mkwe wake, Mukandori, aliyekuwa akilima mstari wa pili, alitupa jembe akaita wanaume. Walimweka kwenye kipoyi, machela ya miti, wakambeba mabegani wakishuka mbio hadi kituo cha afya. Kabla jua halijafika utosini, mtoto alikuwa amezaliwa: msichana, mwekundu, kichwa chake kingeweza kukaa ndani ya kikombe. Mizani ilisema kilo moja na gramu mia sita.

"Kuvezi, ile mashini ya kupasha watoto joto, iko Goma," alisema muuguzi, Sidonie. "Na barabara munajua vile iko. Basi kuvezi ni weye."

Akamlaza mtoto uchi kati ya matiti ya Umurerwa, akamvika kofia, kisha akawafunga pamoja kwa kitenge, kifua kwa kifua. "Usimutoe hapo. Utakula naye, utalala naye umeegemea. Akishindwa kunyonya, ukamue maziwa, umupe na kikombe, kidogo kidogo. Akifika kilo mbili na nusu, njo tutasema amevuka."

Umurerwa aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyozoea. Shule aliiachia darasa la nne, na tangu aolewe hakuwahi kumjibu mama mkwe wake neno lingine isipokuwa "ndiyo, Mama".

Baada ya siku kumi walirudi nyumbani. Siku ya nane ilikuwa imepita. Siku hiyo ndiyo mtoto hutolewa nje: watoto wa majirani hulima uani kwa vijiti, hula maharagwe kwenye ungo mmoja, na kila mmoja humtajia mtoto jina, kisha baba anachagua. Umurerwa alitazama jikoni. Mukandori hakuwa ameloweka hata punje moja ya maharagwe.

"Tungojee kwanza," alisema Mukandori, macho yake chini. "Jina halikimbie."

Umurerwa alielewa. Humpi jina mtu usiyejua kama atakaa. Mle ndani mtoto akawa anaitwa "ule mudogo" tu, na kila alipolisikia neno hilo, Umurerwa alikaza fundo la kitenge.

Pale kisimani, jirani yao Libérata alipomwona amebeba mtoto mbele, alicheka hadi akaweka kidumu chini.

"Muone huyu! Watu wanabeba mutoto mugongoni, yeye anamubeba kama mwenye kuiba kuku! Na hata hivyo, fromaji moja tu ya bwana yako inamushinda kilo."

Wanawake wakacheka. Esdras, mume wa Umurerwa, alikuwa mtengeneza jibini kwenye kibanda cha maziwa juu ya kijiji. Umurerwa alichota maji yake, hakujibu. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani.

"Papa wa mutoto," alimwuliza Esdras walipokuwa wakila, "fromaji yako moja iko kilo ngapi?"

"Ikiwa mupya, mbili na nusu. Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Wiki ya tatu, Umurerwa alimwachia Mukandori mtoto ili akaoge. Aliporudi, mama mkwe alikuwa mikono mitupu. Mtoto alikuwa jikoni, ndani ya kikapu kando ya mafiga, amezungushiwa blanketi, na moshi ukipita juu yake.

"Moto njo unakomazaka mutoto wa miezi saba," alisema Mukandori. "Kifua chako kitamutosha wapi na baridi hii?"

Shavu moja la mtoto lilikuwa moto, miguu baridi. Alivuta pumzi, akakaa, akakaa tena, ndipo akavuta nyingine. Umurerwa alimnyakua, akatoka naye nje, akafungua blauzi.

"Apana, Mama."

Kuku aliyekuwa mlangoni alikimbia, kumbe sauti ilikuwa kubwa.

"Apana! Moshi unamuziba pumzi. Mutoto huyu iko na mahali pake, na ni hapa!"

Alimsugua mgongo, akamsugua nyayo. Mtoto alikohoa, akalia kilio chembamba. Hapo ndipo Mukandori alipokaa chini, palepale kwenye majivu.

"Wangu nilimuweka pale pale," alisema. "Wa kwanza, mbele ya kuzaa Esdras. Alikufa siku ya sita. Hatukuwa tumemupa jina. Mupaka leo sina hata jina ya kumuitia."

Umurerwa alingoja mtoto apate joto kifuani mwake. Kisha akamwendea.

"Mama, fungua blauzi."

Alimfungia mtoto kifuani kwa bibi yake, akaonyesha kichwa kigeukie wapi. Tangu siku hiyo walipokezana. Mukandori alikaa kwenye jua la asubuhi bila kujitikisa, akigombeza kuku kwa kunong'ona. Libérata alipopita akifagia njia, aliambiwa, "Pita mbali na vumbi lako, miye niko kuvezi!"

Kila wiki kituoni Sidonie aliandika gramu mpya, na kila wiki aliandika akitabasamu zaidi.

Jumapili ya wiki ya saba, baada ya ibada, Umurerwa alipanda hadi kibanda cha jibini. Kijiji kilimfuata, Libérata akiwa mbele. Mizani ya sahani mbili ilining'inia kwenye boriti.

"Twaa ile ya zamani," Mukandori alimnong'oneza mwanawe. "Imekauka."

"Apana, Mama," alisema Umurerwa, sasa akicheka. "Mupya. Ile ya jana."

Esdras alileta jibini ikidondosha maji ya chumvi, akaiweka. Sahani ikashuka kwa kishindo. Umurerwa akamvua mtoto kila kitu, hata kofia, wasije wakasema ni nguo, akamlaza upande wa pili.

Boriti ikalia. Sahani zikapanda, zikashuka, zikapanda. Mtoto akapiga chafya, akarusha mguu, upande wake ukashuka, ukakaa. Jibini ikabaki juu.

"Fromaji imeshindwa!" Aliyepiga kelele wa kwanza alikuwa Libérata, na vigelegele vikashika mteremko mzima.

Maharagwe yalikuwa tayari. Mukandori alikuwa ameyaloweka tangu Ijumaa, hakumwambia mtu. Watoto wakalima kwa vijiti mbele ya kibanda, wakakusanyika kwenye ungo, na jibini ile ikakatwa vipande juu ya maharagwe.

"Aitwe Kilo!"

"Aitwe Fromaji!"

"Igiraneza!" alisema msichana mmoja mdomo umejaa. Mtenda wema.

Wote wakamgeukia Esdras. Esdras akamtazama mama yake.

"Mwenye alikuwa kuvezi ya kwanza, yeye njo aseme," alisema Mukandori.

Umurerwa aliinua mtoto juu kwa mikono miwili. "Gisubizo!" alisema. Jibu. Sauti yake ilivuka bonde, na ng'ombe wa upande wa pili wakainua vichwa.

Watu walipoanza kuimba, Mukandori alimvuta yule msichana karibu naye.

"Ile jina yako, Igiraneza, usiitupe," alisema polepole. "Nipe miye. Niko na mwenye kuipokea."