Lenzi Iliyorefusha Kitanda

Lenzi yenyewe ilikuwa ya kuazima. Mwenye studio alimpa Dada Picha aijaribu mchana huo mmoja. Akiipenda aichukue, asipoipenda airudishe kabla duka halijafungwa.

"Hii imetengenezwa kwa kamera kama yako," alimwambia. "Hizi zenye kioo kidogo cha kunasa picha, ukizivika lenzi za kamera kubwa zinakata pembeni kote, unabaki na pua ya mtu. Hii inameza chumba kizima. Na gizani inaona kama paka."

Dada Picha alikuwa na haja ya macho ya paka. Kesho yake yeye na wapangaji wenzake walitakiwa kupeleka picha za vyumba vya jengo lao kwa wakaguzi wa manispaa. Mwenye jengo alikwisha kuwaapia kwamba vyumba vinatosha familia, na wakaguzi, watu wa kukaa kitini, walisema wataangalia picha kwanza. Wakiona ufinyu, watakuja na futi kamba wapime. Wasipouona, faili linafungwa, na watu waendelee kulala kama njiti kwenye kiberiti.

Akaanzia kwao. Chumba hakikuwa na dirisha. Mwanga wake ni masazo ya balbu ya koridoni. Baba yake alikuwa kitandani, magoti juu, redio kifuani.

"Unapiga picha ya mtu au ya maiti?" akauliza.

"Napiga chumba, baba. Wewe umo kwa bahati mbaya."

Akajibanza mlangoni, akaizungusha lenzi hadi mwisho wa upana, tundu la kuingizia mwanga wazi kabisa, bila flashi. Akabonyeza, akatazama, akaguna kwa raha. Giza lote lile, na bado mishono ya shuka ilihesabika! Akakuza pembe moja moja: katikati makali, pembeni ulegevu kidogo tu. Lenzi yake ya zamani hapo ingetoa uji.

Mwenyekiti wa wapangaji, mama mmoja mwenye sauti ya kuita mtaa mzima, akachungulia begani kwake.

"Weee! Kila kitu kimo! Jiko, ndoo, mzee, mpaka msumari wa kalenda. Tupeleke hii hii, tusizunguke."

"Hebu nami nione," baba akanyoosha mkono. Akaitazama sana, kisha akacheka mpaka redio ikamporomoka. "Kumbe nakaa ukumbini! Na kitanda changu kimeota tena!"

Dada Picha akaichukua kamera. Kweli. Upande wa miguu uliangukia pembeni mwa picha, na huko lenzi pana huvuta vitu kama mpira. Kitanda kilikuwa kirefu. Kitanda hicho!

Alikuwa mtoto walipohamia. Kiwandani kwa baba ilibandikwa picha ya vyumba hivi hivi, vitupu, ukuta wa mwisho uko mbali kama goli la wapinzani. Baba akasema, "Humo mtacheza hata mpira." Walipofika, kitanda hakikuingia. Baba akaazima msumeno, akakata upande wa miguu, na tangu siku hiyo hajalala akanyooka. Majirani walidhani wamepewa chumba sicho. Kilikuwa ndicho. Walidanganywa kwa picha isiyo na neno hata moja la uongo, na aliyeipiga hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Hii haiendi," akasema.

"Haiendi nini, na ilivyo nzuri?"

"Ndiyo ubaya wake. Mwenye jengo akiiona ataiomba aitundike ofisini."

Mwenyekiti akasonya. "Basi irudishe, tupige kwa simu."

Hakuirudisha. Akaizungusha hadi mwisho wa kuvuta vitu karibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta wa pili wa koridoni. Tundu lilibaki wazi vilevile, mwanga ukaingia vilevile. Ila chumba kilijikusanya, kikawa kile anachokijua: mlango, kitanda, ukuta.

"Sasa umetutolea vyombo vyote!"

"Vyombo watavikuta wakija kupima, mama."

Akachuchumaa usawa wa godoro. "Baba, nyoosha miguu."

Mzee akatii. Nyayo zikagota ukutani, zikatua juu ya madoa mawili meusi yaliyokuwa pale miaka yote, na magoti yakabaki hewani palepale. Akamgeukia binti yake. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Niinyooshee wapi, mwanangu?"

Akabonyeza.