Chochote Kilichopita Motoni

Jana usiku nililala nimeshiba vizuri, nikaota Sajini ameketi kwenye kiti changu, amevaa miwani, anasoma masharti.

Sajini ni mbwa wetu. Mwaka mzima amekuwa akijikuna mpaka mgongo umebaki upara. Jana hiyo hiyo mchana bwana mifugo alituambia tuache kumpa ugali na ukoko, tumzoeshe nyama mbichi taratibu, siku ya kwanza robo ya chakula chake, na kuendelea. Mwishowe asiguse chochote kilichopita motoni. Nilikubali haraka, maana ule mgongo ulikuwa unanitia uchungu.

"Chochote kilichopita motoni kitoke," Sajini anasoma.

Sufuria ya ugali inachukua mfuniko wake na kutoka bila kuaga. Mwiko unajitetea kwamba wenyewe haujawahi kugusa moto, unaruhusiwa kubaki. Kisha matofali ya nyumba, kwa kuwa ni ya kuchoma, yanashuka moja moja na kupanga mstari kuelekea Tukuyu mjini. Mke wangu anayatazama yakipita.

"Baba Tuntufye, si wewe uliyekataa tujenge kwa tofali za saruji?"

"Nilikataa."

"Haya."

Nyumba ilipokwisha tukawa buchani. Ini lililoning'inia kwenye ndoano likaninusa.

"Huyu naye ana harufu ya moshi," likasema. "Mkagueni."

Sajini akavua miwani. "Mzee, umewahi kupita motoni?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nina kovu mkono wa kushoto, toka kiganjani hadi kiwikoni. Niliangukia moto wa jikoni nikiwa na miaka mitatu. Kovu hilo ndilo Sajini analolilamba kila jioni nikirudi shambani, tangu akiwa mdogo wa kutosha kwenye kofia, nami humwachia mkono mpaka atosheke. Kutwa nzima hakuna kingine ninachokisubiri hivyo.

"Nimepita," nikasema.

"Basi sitakulamba tena."

"Utapona?"

"Nitapona. Manyoya yote yatarudi."

"Basi acha. Ila bwana mifugo alisema taratibu."

Ini likathibitisha kwamba ndivyo alivyosema.

"Leo naacha robo," akasema Sajini, akainamisha kichwa.

Niliamka kumekucha. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo, na Sajini nilimsikia nje, anajikuna. Mkono wangu ulikuwa umelowa mate kuanzia kiganjani, yamepanda na kovu mpaka karibu na kiwiko. Hapo yakakoma. Robo ya mwisho ilikuwa kavu kabisa. Niliishika, nikalia.

Mke wangu akageuka, akauliza kulikoni.

Nikamwambia leo ugali wa mbwa aupunguze robo.