Kishimo cha Kumi na Saba

Mgeni alibisha hodi saa nane mchana, wakati jua hupita dirishani na kugeuza kila chupa ya maabara kuwa taa. Binti wa maabara, aliyehitimu mwaka jana tu, alidhani anaota.

"Hodi, mwanangu. Mimi ni mwashi. Namba kumi na saba."

"Mzee, usiniambie namba!"

Maji yalikwisha kumwagika. Binti ndiye aliyepima damu za waliochanjwa katika majaribio ya chanjo mpya, na sharti lilikuwa asijue ipi ya nani, jicho lake lisije likapendelea.

Mwashi akaketi taratibu. Uvimbe wa tezi dume yake ulikuwa ukilishwa na homoni za mwili wake mwenyewe. Chanjo ilikusudiwa kuufundisha mwili kuzikamata homoni hizo njiani, uvimbe ulale njaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akacheka. "Sasa Ijumaa daktari ataniuliza: niendelee na sindano, au nipasuliwe? Miaka arobaini sijauamini ukuta nisioupima kwa timazi. Mwili wangu umejifunza, au ni mtoro wa shule? Nataka nione kwa macho."

"Njoo Alhamisi, utaona," akaahidi, ulimi ukiitangulia akili.

Mkuu wa maabara alimsikiliza binti akikiri yote, akavua miwani.

"Namba yake unaijua sasa. Tuitoe damu yake katika utafiti, wewe ubaki. Au ipimwe, wewe utoke. Jina lako halitakuwemo kwenye ripoti."

Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kuhusu ripoti hiyo. Binti akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ipimwe," akasema.

Alhamisi mwenzake ndiye aliyevaa glavu. Binti alisimama nje ya kioo, bila koti jeupe, bega kwa bega na mwashi. Matone yalidondoka katika vishimo vidogo vya sahani, maangavu kama umande.

"Changu kipi?"

"Kile, pembeni. Kikigeuka buluu, umejifunza. Ikikolea, umejifunza sana."

"Na kisipogeuka?"

"Tutakuwa tumeona wote wawili, baba."

Wakasogelea kioo. Chumba kizima kilionekana kuelea. Kisha buluu ikaanza kupanda katika kishimo kile, polepole, kama alfajiri isiyo na haraka na mtu.

"Bado inakolea," mwashi alinong'ona. "Tusiondoke kwanza."

"Siondoki," binti akasema, na hakuondoka.