Kamba ya Kileleni

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na moja, tena ya kupanda mlima.

Siku niliyoomba kazi ya kuongoza watalii, bwana mmoja aliyekabwa na tai yake aliniuliza, "Na Triglav, umeshapanda?" Kwetu asiyefika kilele cha Triglav, mlima mrefu kuliko yote nchini, si Mslovenia kamili, ndivyo tusemavyo, nusu utani, nusu kweli. Mimi ni mzaliwa wa Prekmurje, kwenye tambarare za mto Mura, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni mnara wa kanisa. Kizunguzungu hunishika hata nikipanda ngazi kubadilisha taa. Nikamjibu, "Mara mbili."

Kazi nikapata, na niliipenda mno. Nimewashusha wageni mapangoni Postojna wakatoka wakiomba kurudi tena. Nimewahemesha kwenye ngazi tisini na tisa za kisiwa cha Bled. Nimewaapia kwamba farasi weupe wa Lipica huzaliwa weusi, na kwamba mzabibu wa Maribor una zaidi ya miaka mia nne na bado unazaa. Wao huniambia, "Nchi yenu ni ndogo." Ndogo! Hata pilipili ni ndogo. Ila kila basi lilipofika mahali Triglav unapoonekana, nilijifanya natafuta karatasi zangu.

Mwaka huu nimestaafu. Binti yangu Tjaša akanipa zawadi: tupande Triglav pamoja, yeye mara ya kwanza, mimi eti ya tatu. Ludvik, dereva wa basi langu miaka yote hiyo, ambaye yeye ameshaupanda kweli, akajialika.

"Lakini Mama, wewe ndiye utakayenichapa," Tjaša alisema. "Sitaki mtu mwingine."

Maana desturi ni hiyo. Anayefika kileleni mara ya kwanza huinama, akachapwa matakoni kwa kamba, na hapo ndipo anapohesabiwa. Na kamba hiyo haishikwi na mtu ambaye mwenyewe hajachapwa.

Nilikuwa na nafasi tele ya kusema ukweli. Usiku tuliolala kwenye nyumba ya wapandaji, chini kidogo ya kilele, nilikula supu ya shayiri bakuli mbili nikaenda kulala. Niliona aibu, basi.

Asubuhi tukashika nyaya za chuma zilizopigiliwa mwambani. Kushoto shimo, kulia shimo.

"We Zdenka!" Ludvik akaniita kutoka nyuma. "Mbona unaukumbatia mwamba kama mume aliyerudi safari? Si mara ya tatu hii?"

"Funga mdomo, Ludvik, usije ukameza upepo."

"Haya, mguu wa kushoto. Wa kushoto, bibi wee! Huo ni wa kulia."

Nilifika nikitambaa. Nikaushika ule mnara mdogo wa bati ulioko kileleni, nikafumbua macho. Anga lilikuwa safi. Mabonde, misitu, na mbali kusini ukanda mwembamba unaong'aa: bahari yetu. Miaka yote nilikuwa nimeieleza nchi hii kipande kipande kwenye kipaza sauti, na sasa ilikuwa mbele yangu yote, nzima. Niliona fahari nikalia.

"Mama, tayari!" Tjaša akanitia kamba mkononi, akainama. Wapandaji wengine wakasogea wakicheka, wengine wakaanza kupiga makofi.

Kamba ilikuwa nyepesi. Nikimchapa, nitakuwa nimempa mwanangu ubatizo wa bandia, na hatajua mpaka kufa.

"Inuka, Tjaša."

"Kwa nini?"

"Sina ruhusa. Sijawahi kufika hapa. Hata siku moja. Nilidanganya nipate kazi, kisha nikakudanganya na wewe."

Makofi yakakatika. Tjaša alinitazama, uso umemwiva.

"Na zile hadithi zote za mlima ulizonipa nikiwa mdogo?"

"Za Ludvik. Nilizisikia kwenye basi."

Ludvik akaichukua kamba mkononi mwangu. "Miaka thelathini na moja umeniibia hadithi! Inama."

"Taratibu, magoti yangu..."

"Sichapi magoti."

Alinichapa tatu, na hakunionea huruma.

"Desturi ni moja!" nikapiga kelele.

"Moja ni ya leo. Mbili ni za zile mara mbili zako."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Tjaša hakucheka. Alisimama pale akinitazama nikijisugua, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo sasa umechapwa."

"Nimechapwa."

"Basi una ruhusa."

Akaitwaa kamba kwa Ludvik, akanirudishia, akainama tena. Nikakunja mkono wa shati.

"Lakini pole pole, Mama."

"Nyamaza," nikamwambia. "Nimeupanda mlima huu miaka thelathini na moja."