Pushapu Kumi na Mbili za Jilala

Siku ya kipimo cha kwanza Jilala alipiga pushapu kumi na mbili, akajilaza chini akihema kwa uongo. Angeweza arobaini. Lakini yeye ni mpakiaji wa marobota kwenye ghala la tumbaku, na ghalani kibarua mwenye akili zake haonyeshi nguvu zote siku ya kwanza. Akizionyesha, msimamizi atamdai hizohizo kila siku. Mazoea hayo akayabeba mpaka uwanjani, kwenye kikundi cha mazoezi cha Mwalimu Elieth.

Wiki nane mwalimu aliwaendesha kwelikweli: kuruka, kuchuchumaa, pushapu, kukimbia na gunia la mchanga begani, nusu saa bila kupumzika, mara tatu kwa wiki. Kipimo cha mwisho Jilala akapiga hamsini. Mwalimu akamwinua mkono, akasema huyu ndiye mfano wa kikundi. Palepale angeweza kusema ukweli. Akachekacheka, akapokea makofi, mtu mzima na ndevu zake.

Paskazia, jirani wa Jilala na mwenzake kikundini, alikuwa ametoka pushapu nne hadi kumi na tano, na siku hizi alitoka kisimani na ndoo kichwani bila kutua njiani. Wiki iliyofuata mazoezi yakaendelea, naye hakuonekana. Mwalimu akamtuma Jilala akamjulie hali.

Alimkuta uani akianika mahindi. Paskazia akamweleza, bila kinyongo, kwamba ameacha. Mumewe, Silasi, alimuuliza: mwenzio kaongeza thelathini na nane, wewe kumi na moja, huko unafuata nini? Naye akaona ni kweli, mwili wake mzito tu, wasisumbuke naye.

Jilala aliona aibu hadi masikio yakamchoma.

"Dada, nilidanganya," akasema. "Siku ile ya kwanza nilikuwa naweza arobaini. Nimeongeza kumi tu."

Paskazia akaacha mahindi, akapiga hesabu.

"Kwa hiyo nilikuzidi?"

"Ulinizidi."

Jilala alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Mama wa watu akajifuta machozi kwa pindo la khanga, na hayo ndiyo yaliyomuumiza zaidi.

"Silasi yumo ndani," akasema. "Nenda ukamwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi."

Jilala akavua ndala mlangoni. Akapiga hodi.